Kukomesha kwa Awamu na Kupunguza kwa Awamu: Uhakiki wa Tafsiri za ‘Phase Out’

Katika kazi ya kutafuta istilahi, maneno yanayoleta taabu kubwa si yale marefu ya sayansi. Neno ‘klorofluorokaboni’ huweza kumtisha msomaji anapolikuta kwa mara ya kwanza, lakini likishatoholewa na kuelezwa, shauri lake limekwisha. Lina maana moja, nayo haibadiliki. Taabu hasa huletwa na maneno madogo ambayo kila mfasiri hudhani anayafahamu. Miongoni mwa hayo ni vitenzi vya Kiingereza vinavyoambatana na vijineno kama ‘out’, ‘down’, ‘up’ na ‘off’. Kitenzi na kijineno chake huungana na kutoa maana moja, ambayo mara nyingi haipatikani kwa kulifasiri kila neno peke yake.

Katika makala hii tutavichunguza vitenzi viwili vya aina hiyo, yaani ‘phase out’ na ‘phase down’, ambavyo hutumika sana katika mikataba ya mazingira. Nia yetu ni kuonyesha kwamba tafsiri iliyozoeleka ya kitenzi cha kwanza inakifanya kisitofautike na cha pili, na kwamba tofauti hiyo inayopotea ndiyo iliyobeba uzito wa mikataba yenyewe.

1. Maana ya vitenzi hivi

Neno ‘phase’ likiwa jina ni awamu, yaani kipindi chenye mwanzo na mwisho katika jambo lenye vipindi kadha. Linapogeuzwa kuwa kitenzi na kufuatwa na ‘out’, maana yake ni kuacha kutengeneza au kutumia kitu kwa awamu mpaka kiishe kabisa. Likifuatwa na ‘down’, maana yake ni kupunguza kwa awamu mpaka kufikia kiwango kilichokubaliwa, nacho kiwango hicho si sifuri. Likifuatwa na ‘in’, maana yake ni kuanzisha jambo kwa awamu. Vitenzi vyote vitatu vinashirikiana dhana ya awamu. Vinachotofautiana ni mahali vinapofikia.

Mfano ulio wazi kabisa unapatikana katika Itifaki ya Montreal, iliyotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987 ili kulinda tabaka la ozoni. Miongoni mwa kemikali za mwanzo kushughulikiwa zilikuwemo klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na katika makopo ya kupulizia. Nchi zinazoendelea zilipewa ratiba ya kuzipunguza kwa asilimia 50 ifikapo mwaka 2005, asilimia 85 ifikapo 2007, na asilimia 100 ifikapo 2010. Hiyo ndiyo ‘phase out’: awamu ya mwisho ni mia kwa mia.

Badala ya kemikali hizo zilikuja, pamoja na nyingine, hidrofluorokaboni. Hizi haziharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kwa sababu hiyo nchi wanachama wa Itifaki, zilipokutana Kigali nchini Rwanda, zilikubaliana tarehe 15 Oktoba 2016 kuzitia hizo nazo katika ratiba. Kwa kundi la nchi zinazoendelea ambamo nchi za Afrika zimo, ratiba inasema kwamba kiwango cha msingi kisizidishwe kuanzia mwaka 2024. Kipungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, asilimia 50 ifikapo 2040, na asilimia 80 ifikapo 2045. Hapo ratiba inaishia. Asilimia 20 iliyobaki haikuwekewa tarehe ya mwisho. Hiyo ndiyo ‘phase down’.

Ratiba hizi mbili zina umbo moja: zote zina miaka, zote zina asilimia, zote zinateremka ngazi kwa ngazi. Anayesoma mistari ya katikati tu hawezi kujua ipi ni ipi. Tofauti imo katika mstari wa mwisho.

2. Kijineno kilichozua mabishano

Pengine mtu atauliza kama tofauti hii si ya wanasheria tu. Jibu tunalipata katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi uliofanyika Glasgow mwaka 2021. Rasimu ya makubaliano ilikuwa imetumia ‘phase-out’ kuhusu umeme unaozalishwa kwa makaa ya mawe pasipo kuizuia hewa ukaa. Siku ya mwisho, tarehe 13 Novemba, Waziri wa Mazingira wa India, Bhupender Yadav, alipendekeza maneno hayo yabadilishwe yawe ‘phase down’. Wajumbe wa nchi kadha, zikiwemo Uswisi na Visiwa vya Marshall, walieleza masikitiko yao waziwazi. Hata hivyo badiliko lilipitishwa, na mwenyekiti wa mkutano, Alok Sharma wa Uingereza, aliwaomba radhi wajumbe kwa jinsi mambo yalivyokwenda.

Sasa tuchukue kwamba habari hii inasomwa katika redio kwa Kiswahili. Ikiwa ‘phase out’ imefasiriwa kuwa ‘kuondoa hatua kwa hatua’, na ‘phase down’ kuwa ‘kupunguza hatua kwa hatua’, msikilizaji atashangaa ugomvi umetoka wapi. Kwake mwenye kuondoa kitu hatua kwa hatua anakipunguza, na mwenye kukipunguza anakiondoa. Ataona ni watu wazima wanaobishania maneno. Kosa si lake. Maneno aliyopewa hayakumpa nafasi ya kuliona jambo lenyewe.

3. Tafsiri zilizozoeleka na kasoro zake

(a) Kuondoa hatua kwa hatua. Hii ndiyo tafsiri inayokutwa mara nyingi zaidi, wakati mwingine kwa umbo la ‘kuondoa taratibu’. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba kitenzi ‘ondoa’ hakisemi kiasi. Mwenye kuondoa maji katika pipa ndoo moja moja ameondoa maji, hata kama pipa limebaki nusu. Kielezi ‘hatua kwa hatua’ nacho hakisaidii, kwa kuwa kinaeleza namna ya kwenda na hakielezi mwisho wa safari. Hivyo maneno hayo yote kwa pamoja hayana mahali panaposema ‘mpaka kiishe’.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. ‘Ondoa’ maana yake ya msingi ni kukitoa kitu mahali kilipo. Itifaki ya Montreal haifanyi hivyo. Inadhibiti kiasi ambacho nchi inatengeneza na kutumia, na ‘matumizi’ ya nchi huhesabiwa kwa kujumlisha kinachotengenezwa na kinachoingizwa kutoka nje, kisha kutoa kinachouzwa nje. Gesi ambayo tayari imo ndani ya jokofu linalofanya kazi haimo katika hesabu hiyo. Tuchukue gesi ya R-22, ambayo mafundi wa majokofu na viyoyozi wanaifahamu vizuri. Kwa nchi zinazoendelea, kemikali za kundi lake zilitakiwa kupungua kwa asilimia 67.5 ifikapo mwaka 2025, na zinatakiwa kukoma ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo kilichoruhusiwa kwa ajili ya matengenezo hadi mwaka 2040. Muuza samaki mwenye jokofu la zamani akiambiwa kwamba ‘gesi ya R-22 itaondolewa’, ana haki kabisa ya kuelewa kwamba watakuja watu kumwondolea gesi yake. Fundi naye aliyebakiwa na mtungi anaweza kuimwaga hewani ili asikutwe nayo. Ikiwa hivyo, tafsiri itakuwa imesababisha lile lile ambalo mkataba ulikusudia kulizuia.

Hatusemi kwamba ‘ondoa’ halifai popote. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaazimia kuachana na petroli yenye risasi, na ulipoanza mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika katika eneo hilo. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, mwaka 2021. Hapa ni sahihi kusema ‘kuondoa risasi katika petroli’, kwa sababu risasi ilikuwamo na sasa haimo. Lakini tukizungumzia petroli yenyewe, kilichotokea ni kukoma kwa uuzaji wake. Kitenzi hufuata yambwa wake, na mfasiri asiyejiuliza ni kitu gani hasa kinachotendwa ataweka ‘ondoa’ kila mahali.

(b) Kusitisha. Hili ni neno zuri lililopewa kazi isiyo yake. Mapigano yakisitishwa yanaweza kuanza tena. Malipo yakisitishwa yanaweza kurejeshwa. ‘Sitisha’ linaacha mlango wazi, ilhali ‘phase out’ inaufunga.

(c) Kutokomeza. Neno hili lina mwisho ndani yake, na kwa upande huo linaishinda ‘ondoa’. Lakini limezoeleka kwa mambo yanayochukiwa, kama vile ujinga, maradhi na umaskini. Mkataba hauna chuki na gesi. Zaidi ya hayo, kitu kilichotokomezwa hakionekani tena popote, na tumekwisha kuona kwamba majokofu ya zamani huendelea kufanya kazi.

(d) Kupiga marufuku. Hii ni dhana nyingine kabisa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, hapakuwa na asilimia 50 kwanza na asilimia 85 baadaye; siku ilitajwa, na siku hiyo mifuko ikawa haramu. Kinachopigwa marufuku huwa na siku moja, na kinachokomeshwa kwa awamu huwa na ratiba. Mfanyabiashara anayepanga kuagiza shehena anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalomhusu.

4. Namna Kiswahili kinavyoonyesha mwisho wa tendo

Chanzo cha kasoro hizi, kwa maoni yetu, ni kwamba wafasiri wametafuta katika Kiswahili kitu kinachofanana na kijineno cha Kiingereza, na walipokikosa wakaweka kielezi. Lakini hata kwa Kiingereza chenyewe vijineno hivi havina kanuni moja. Mshumaa ‘hu-burn out’ na nyumba ‘hu-burn down’, na vyote viwili huisha. Gari ‘hu-slow down’ bila kusimama, bali kiwanda kikiwa ‘shut down’ kimefungwa kabisa. Kwa hiyo mfasiri hawezi kujiwekea sheria kwamba ‘out’ ni kabisa na ‘down’ ni kidogo. Inampasa kuitafuta maana ya kitenzi kizima.

Kiswahili huweka mwisho wa tendo ndani ya kitenzi. Kwanza huuweka katika mzizi na mnyambuliko wake: ‘koma’ na ‘komesha’ vina mwisho, ‘pungua’ na ‘punguza’ havina. Pili, Kiswahili kina njia yake ya kulisukuma tendo mpaka ukomo wake, kwa kukirefusha kitenzi na kukifuatisha neno ‘mbali’. Mtu akitupa kitu huenda akakiokota. Akikitupilia mbali, basi. Hoja ikifutiliwa mbali hairudi tena. Hizi ni hazina za lugha ambazo mfasiri mwenye haraka hupita bila kuziona.

Si Kiswahili peke yake kinachofanya hivi. Wafaransa, walipofasiri mikataba hii, hawakuhangaika na vijineno. Kwa ‘phase-out’ walichukua ‘élimination progressive’, na kwa ‘phase-down’ wakachukua ‘réduction progressive’. Majina ni mawili tofauti, na sifa ya namna ni ile ile moja. Mwisho umewekwa katika jina, na mwendo umewekwa katika sifa. Kila neno linafanya kazi yake.

5. Pendekezo

Tukifuata njia hiyo, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

‘Phase out’ iwe kukomesha kwa awamu. Jina lake, ukomeshaji wa awamu.
‘Phase down’ iwe kupunguza kwa awamu. Jina lake, upunguzaji wa awamu.
‘Phase in’ iwe kuanzisha kwa awamu; jina lake, uanzishaji wa awamu.

Tumechagua ‘kwa awamu’ badala ya ‘hatua kwa hatua’ kwa sababu awamu ina mipaka inayojulikana. Hatua zinaweza kwenda bila idadi, awamu huhesabiwa. Hata mwananchi wa kawaida anajua Serikali ya Awamu ya Kwanza ilianza lini na ikaisha lini. ‘Taratibu’ tumeliacha kwa kuwa hueleza mwendo wa polepole, na tena huchanganyika na taratibu za kazi.

Msomaji anayetaka kipimo rahisi na autazame mfano wa deni. Kila mtu anaelewa tofauti kati ya kulipa deni kwa awamu na kupunguza deni. Dawa ya deni ni kulipa. Aliyepunguza bado anadaiwa, hata kama alipunguza kwa awamu kumi. Mkopeshaji hawezi kuyachanganya maneno hayo mawili, wala mkopaji. Ukomeshaji wa awamu ni deni linalolipwa likaisha. Upunguzaji wa awamu ni deni lililopunguzwa.

6. Pingamizi zinazoweza kutolewa

Pingamizi la kwanza ni kwamba ‘komesha’ ni tendo la mara moja, kama mwalimu anapokomesha kelele darasani, na kwa hiyo haliwezi kwenda pamoja na ‘awamu’. Hatuoni hivyo. Kulipa nako kunaweza kuwa kwa mara moja, na bado tunasema ‘kulipa kwa awamu’ bila kusita. Kitenzi kinataja mwisho, na kirai kinachofuata kinaugawa mwendo wa kuufikia.

Pingamizi la pili ni kwamba katika mazungumzo ‘kumkomesha’ mtu ni kumtia adabu. Ni kweli, lakini maana hiyo huja pale yambwa anapokuwa mtu. Hakuna atakayesikia ‘kukomesha uagizaji wa gesi’ akadhani gesi inatiwa adabu.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu. Kwa kawaida ‘komesha’ hutaka jina la tendo au mazoea: kukomesha wizi, kukomesha uchelewaji. Haisemwi vizuri ‘kukomesha makaa ya mawe’ wala ‘kukomesha R-22’. Kiingereza hakina shida hiyo, maana ‘phase out’ hupokea kitu chochote. Basi mfasiri atafanyaje? Atalazimika kutaja tendo: kukomesha utengenezaji wa klorofluorokaboni, kukomesha uingizaji wa R-22, kukomesha uzalishaji wa umeme kwa makaa ya mawe. Wapo watakaosema kwamba sentensi imerefuka. Sisi tunaona kwamba imepata faida. Lugha inamdai mfasiri aseme ni kitu gani hasa kinachokoma, nalo ndilo swali ambalo muuza samaki na fundi wa majokofu wangeuliza. Ikiwa mfasiri hajui jibu, basi hajauelewa mkataba, na ni heri agundue hilo mezani kwake kabla halijagunduliwa sokoni.

7. Tahadhari moja

Pendekezo letu lisichukuliwe kuwa kila penye harufu ya kuacha kitu paandikwe ‘komesha’. Mkutano wa tabianchi wa Dubai, katika makubaliano ya tarehe 13 Desemba 2023, uliviepuka vitenzi vyote viwili kuhusu nishati ya visukuku kwa jumla, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Ulichagua ‘transitioning away’, maneno yanayotaja upande wa kuelekea bila kuahidi kiwango cha kufikia. Tafsiri ya ‘kukomesha kwa awamu’ hapo ingewapa wasomaji wetu ahadi ambayo haikutolewa. ‘Kuachana na’ nayo imezidi kidogo, kwa kuwa walioachana wameachana. Tunaona ‘kuhama kutoka kwenye’ kunatosha: anayehama ameshika njia, ingawa haijulikani mzigo wake wa mwisho utatoka lini. Uaminifu wa mfasiri una pande mbili. Asipunguze kilichoahidiwa, na asiahidi kilichopunguzwa.

Mikataba tuliyoitaja ina matini rasmi kwa Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo katika lugha hizo sita. Maana yake ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili, awe Tanga, Kisumu au Bukavu, hana maandishi rasmi ya kurejea pale tafsiri inapomchanganya. Alichopewa na mfasiri ndicho alicho nacho. Na Kigali yenyewe, ambako neno ‘kupunguza’ lilichaguliwa kwa makusudi mwaka 2016, ni mji mkuu wa nchi ambayo Bunge lake lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Haitakuwa vema makubaliano yanayoitwa kwa jina la mji huo yasomwe kwa Kiswahili kana kwamba yalisema jambo jingine.

Tunawaomba wafasiri, watangazaji, walimu wa ufundi na mafundi wenyewe wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni. Hasa tungependa kusikia kutoka kwa wale wanaowaeleza wateja habari za gesi hizi kila siku, kwa kuwa huenda tayari wana neno linalofaa kuliko haya yetu.